Magurudumu Matatu na Macho ya Watu

Leparua iko magharibi ya mji wa Isiolo, katika wadi ya Burat, ikipakana na hifadhi ya wanyama ya Lewa. Wamaasai, Wasamburu, Waturkana, Waborana na Wasomali hulisha mifugo yao humo, na ardhi yenyewe ni hifadhi ya jamii, mojawapo ya zile zilizo chini ya mwavuli wa Northern Rangelands Trust. Lami inayoshuka kutoka Nanyuki kwenda Isiolo haifiki kwenye maboma. Ukiiacha unaingia kwenye vumbi, mawe, miiba ya mgunga na laga, yale mabonde ya mchanga yanayokaa makavu miezi mingi kisha yakajaa ghafla mvua inaponyesha milimani. Huko mtu hujulikana kwa miguu yake. Mtoto hutumwa kwa mbuzi kabla hajajua kuhesabu, kijana hufuata ng'ombe kutwa nzima, mama huenda kuteka maji na kurudi na mtungi mgongoni, mzee hujikongoja hadi kwenye mti wa baraza, maana neno lake halisikiki akibaki nyumbani.

Katika nchi ya namna hiyo, mtu anayekwenda kwa magurudumu ametazamwaje? Swali hili huulizwa sana Ulaya na Marekani kuhusu skuta za umeme za wazee na watu wenye ulemavu: nani anastahili kuwa nayo, nani anajifanya, nani anawasumbua wengine njiani. Kwetu skuta za aina hiyo ni chache mno. Tulicho nacho ni kiti cha magurudumu, baiskeli ya kuzungushwa kwa mikono na, katika miji michache, bajaji inayoendeshwa na mtu asiyetembea. Ila swali ni lile lile, na historia yake katika Afrika Mashariki ni ndefu kuliko wengi tunavyodhani. Nimeifuatilia kwa sababu naamini inatufunza jambo ambalo mahubiri na warsha hazijatufunza: heshima ya mtu huyu imepanda kila mahali ambapo chombo chake kilimfikisha kazini, na imeshuka kila mahali ambapo chombo kilimwacha amekaa akitazamwa.

Nianze na wafugaji wenyewe, kwa sababu wamesingiziwa mengi. Imeandikwa mara nyingi, hasa na wageni, kwamba jamii za wafugaji huwaficha watoto wenye ulemavu au huwaona kuwa laana. Yapo yaliyotendeka, na siyatetei. Lakini mwanaanthropolojia wa Norway, Aud Talle, aliyeishi na kufanya utafiti kati ya Wamaasai wa Kenya, alichapisha mwaka 1995 insha yenye hoja iliyo kinyume kabisa. Aliona kwamba mtoto mwenye ulemavu hulelewa kama mtoto mwingine yeyote: hupewa jina, hulishwa, hukua na rika lake, huoa au kuolewa na kupata watoto wake. Hakuna aliyejifanya kwamba ulemavu haupo. Watu waliutaja waziwazi, hata kwa majina ya utani ambayo mgeni angeyaona ni matusi. Utu wa mtoto haukuwa na shaka. Kilichokuwa na shaka ni kazi yake, kwa kuwa karibu kila kazi ya mfugaji ni kutembea.

Tofauti hiyo ina uzito. Mtu anayependwa nyumbani lakini hawezi kufika malishoni, kisimani, sokoni wala barazani hupungua polepole machoni pa wenzake, bila mtu yeyote kumchukia. Hapewi mifugo ya kuangalia, kwa hiyo hana usemi kuhusu mifugo. Haendi shule kwa sababu iko mbali. Akifika umri wa utu uzima bado anahesabiwa pamoja na watoto na wagonjwa waliobaki bomani. Hiyo ndiyo dharau ya kwetu ninayoijua, na haiponi kwa kuwaambia watu wawe na huruma, kwa maana huruma wanayo.

Wengi wa hao waliobaki bomani walitupwa chini na polio. Kenya iliacha kupata polio ya kienyeji mwaka 1984, ila virusi viliendelea kuingia kutoka nje, na mara nyingi vilipita kaskazini, ambako vituo vya chanjo viko mbali na watu huvuka mipaka pamoja na mifugo. Mwaka 2006 viligunduliwa Garissa. Mwaka 2009 vilipooza watu 19 Turkana. Mwaka 2013 vilirudi kupitia Dadaab, na wagonjwa 14 wakathibitishwa. Afrika ilitangazwa kuwa imeondokana na virusi vya polio vya asili tarehe 25 Agosti 2020, lakini tangazo halimsimamishi aliyekwisha kupooza. Kuna pia risasi. Wizi wa mifugo ulipohama kutoka kwenye mkuki hadi bunduki ya kiotomatiki, vijana wengi walirudi kutoka malishoni uti wa mgongo ukiwa umevunjika. Hospitali ya taifa ya majeraha ya uti wa mgongo iko Nairobi, na ilianza kama makao ya askari waliojeruhiwa katika Vita vya Pili vya Dunia. Kijana wa Isiolo anayefikishwa huko hulazwa mbali na wazazi wake, hufunzwa kuendesha kiti kwenye sakafu ya saruji, kisha hurudishwa kwenye mchanga.

Kiti chenyewe kilizaliwa kwenye sakafu. Mwaka 1655 fundi saa wa Nuremberg aitwaye Stephan Farffler, kijana asiyeweza kutembea, alijitengenezea gari la magurudumu matatu la kuzungusha kwa mikono, na hilo ndilo babu wa baiskeli zetu za mikono. Mwaka 1933 Wamarekani wawili, Herbert Everest aliyevunjika mgongo mgodini na rafiki yake mhandisi Harry Jennings, walitengeneza kiti cha chuma kinachokunjika. Hicho ndicho kilichoenea katika hospitali za dunia nzima. Mwaka 1968 Allan Thieme wa Michigan alimtengenezea jamaa yake mgonjwa kiti cha umeme cha magurudumu matatu akakiita Amigo, na skuta nyingi za leo zimetokana nacho. Farffler alikuwa na barabara za mawe ya mji. Thieme alikuwa na korido na maduka makubwa. Hakuna kati yao aliyeifikiria laga, na hawana kosa.

Huku kwetu magurudumu yaliingia kupitia makanisa na vyama vya hisani. Chama cha Watu Wenye Ulemavu wa Viungo cha Kenya, APDK, kiliundwa mwaka 1958, miaka ya polio. Jeshi la Wokovu lilifungua shule ya Joytown mjini Thika mwaka 1962. Karakana za Bombolulu zilianza Mombasa mwaka 1969, na humo watu wenye ulemavu walitengeneza vito, mikoba na michongo ya kuuzia watalii. Kazi iliyofanywa na taasisi hizo ni kubwa, na maelfu walisoma na kupata ujuzi kwa sababu yake. Walakini ziliwafunza raia kwamba mahali pa mtu mwenye kiti ni nyuma ya lango. Mtu alionekana siku ya wageni, siku ya maonyesho, siku ya kupokea msaada.

Serikali nayo ilifuata mkondo huo. Rais Daniel arap Moi aliutangaza mwaka 1980 kuwa mwaka wa kitaifa wa watu wenye ulemavu, mwaka mmoja kabla ya ule wa Umoja wa Mataifa, na harambee kubwa ikazaa Mfuko wa Kitaifa wa Walemavu. Pesa zilichangwa kwa moyo mmoja. Pamoja nazo ilizaliwa picha ambayo kila Mkenya anaijua: mheshimiwa amesimama, ameshika mpini wa kiti kipya, na aliyekaa ndani yake anatazama kamera. Picha hiyo imepigwa katika kila kaunti, Isiolo ikiwemo. Inaonyesha siku kiti kilipofika. Siku ya mpira wa kwanza kutobolewa na mwiba haina mpiga picha.

Wakati huo huo, bila mheshimiwa yeyote, historia nyingine ilikuwa ikiandikwa mpakani Busia.

Mizizi yake ni miaka ya Idi Amin, uchumi wa Uganda ulipoporomoka baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972, na karibu kila kitu kikawa kinapatikana kwa magendo. Mpaka wa Busia ukawa mlango wa riziki. Watu waliopooza miguu kwa polio wakagundua kwamba baiskeli ya mikono yenye magurudumu matatu, ikiongezewa sanduku chini ya kiti na nyuma, hubeba mzigo mkubwa kuliko mgongo wa mtu mzima. Wakagundua tena kwamba afisa wa forodha husita kumpekua mtu asiyeweza kutembea mbele ya umati. Wakaanza kuvusha bidhaa kutoka Kenya kwenda Uganda na kurudi. Watafiti Susan Reynolds Whyte wa Denmark na Herbert Muyinda wa Uganda walikaa nao na kuieleza biashara hiyo katika andiko lililotoka mwaka 2007. Waliyoyakuta yanafaa kusomwa na kila anayedhani heshima huletwa na mabango. Waendesha baiskeli hao walikuwa wameoa, wamejenga, wanalipa karo. Vijana wenye miguu mizima waliajiriwa kuwasukuma panapopanda. Watu wenye ulemavu kutoka wilaya za mbali walihamia Busia kwa kuwa walisikia kwamba huko mtu wa magurudumu ni mfanyabiashara.

Sisemi magendo ni jambo jema. Nasema ilichukua miaka michache tu mji mzima ukaacha kuwatazama watu hao kama ombaomba na kuanza kuwatazama kama wachukuzi, washindani, wadeni, wakopeshaji, hata waume wa kutamaniwa. Walipounda vyama vyao, wanasiasa waliwatafuta. Hili lilitokea Uganda, nchi ambayo katiba yake ya 1995 ilifungua njia ya wabunge wanaochaguliwa kuwakilisha watu wenye ulemavu, kwa hiyo waendesha baiskeli wa Busia waliona wenzao wakifika Kampala bungeni. Vitu hivyo viwili, mzigo mpakani na kiti bungeni, vilisaidiana. Kisha ushuru kati ya nchi zetu ukaanza kushuka baada ya Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki kuanza mwaka 2005, na mwaka 2018 kituo cha pamoja cha mpakani kikazinduliwa Busia. Faida ya kuvusha ikapungua, na upendeleo wa forodha ukapoteza thamani yake. Lakini mji ulikuwa umekwisha kuona.

Kinshasa ina simulizi inayofanana. Tangu enzi za Mobutu, wafanyabiashara wenye ulemavu wamekuwa wakivuka Mto Kongo kwenda Brazzaville kwa nauli nafuu, baiskeli zao zikiwa zimejazwa bidhaa hadi kichwani. Bendi ya Staff Benda Bilili, ya wanamuziki ambao wengi wao walipooza kwa polio wakaishi mitaani karibu na bustani ya wanyama ya Kinshasa, ilitoa albamu mwaka 2009 na kuzunguka Ulaya. Wasikilizaji walifika kwa muziki. Viti walivikuta tu pale jukwaani.

Dar es Salaam ndiko ambako jambo hili lilifikia mahali pa uchungu. Bajaji ilipoenea miaka ya 2000, watu wasioweza kutembea waliona mara moja kwamba chombo hicho kinawafaa. Usukani wake ni kama wa pikipiki, gia nazo ziko mkononi, na breki ya mguu fundi wa mtaani anaweza kuihamishia mkononi. Mtu aliyekuwa akiombea nauli sasa aliwatoza wengine nauli. Bajaji zilikatazwa kuingia katikati ya jiji, lakini za watu wenye ulemavu ziliachwa zifanye kazi huko kwa muda, na abiria wa Posta na Kariakoo wakazizoea. Ruhusa hiyo ilipobanwa, yakaja magomvi. Mwezi Juni 2017 madereva hao walijitokeza katikati ya jiji kupinga kuzuiwa na kukamatiwa vyombo vyao. Polisi waliwatawanya kwa nguvu na kwa mabomu ya machozi, na picha za watu wakiburutwa kutoka kwenye vyombo vyao zikasambaa nchi nzima.

Nimezitazama picha hizo mara nyingi kuliko nilivyotaka. Watanzania wengi walikasirika, na hasira ile ilikuwa ya kweli. Ila nilipoisoma kwa makini niliona ilikuwa na matawi mawili. Wapo waliosema: mnawapigaje watu wasiojiweza? Wengine wakasema: mnawapigaje madereva wanaodai kazi yao? Kauli ya kwanza ni ya lango la taasisi, ya pili ni ya Busia. Wale madereva wenyewe walikuwa wamejibu kabla hawajaulizwa, kwa sababu hawakwenda barabarani kuomba. Walikwenda na vyombo vyao, wakadai njia.

Nairobi imebaki na pande zote mbili hadi leo. Kwenye taa za barabarani, kiti cha magurudumu kimekuwa chombo cha kuombea, na si kila mara kwa hiari ya anayekikalia. Mwaka 2022 idara ya Africa Eye ya BBC ilifichua jinsi watoto wenye ulemavu walivyochukuliwa kutoka Tanzania kwa ahadi za uongo, wakaletwa Nairobi na kulazimishwa kuombaomba huku pesa zikichukuliwa na wengine. Tangu hapo wapita njia wengi wamekuwa na mashaka na kila kiti wanachokiona, na anayeumia ni karani aliye kwenye kiti chake akielekea kazini. Kwenye stendi, kondakta humwangalia abiria wa kiti kama hasara ya nafasi mbili: hupita bila kusimama, au hudai nauli ya kiti pamoja na ya mtu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 iliwapa wenye majengo ya umma miaka 5 kuyarekebisha na wenye magari ya abiria miaka 2. Muda huo umepita zamani. Panda matatu yoyote uone.

Na katika jiji hilo hilo, Timothy Wanyonyi, wakili aliyepigwa risasi na wezi wa magari mwaka 1998 akapooza miguu, aligombea ubunge wa Westlands mwaka 2013 akashinda. Akashinda tena 2017, na tena 2022. Alifanya kampeni ndani ya kiti chake, akasukumwa vichochoroni Kangemi na kupandishwa jukwaani, na wapiga kura wakamkabidhi fedha za maendeleo za eneo lao. Wapo waliompenda na waliompinga kwa siasa zake, kama mwanasiasa mwingine yeyote. Hilo la kupingwa kwa siasa ndilo linalonifurahisha zaidi.

Niseme machache kuhusu Uingereza, maana Waswahili wengi wanaishi huko na wazee wao sasa wanapanda skuta. Nchi ile ilikuwa na gari dogo la magurudumu matatu la rangi ya samawati lililotolewa na serikali kwa watu wenye ulemavu miaka ya baada ya vita, likapigwa marufuku barabarani mwaka 2003. Wenyeji walilitambua kwa mbali, na aliyekuwa ndani alitambulika nalo. Skuta ya umeme ya leo huruhusiwa kwenda kilomita 6 hivi kwa saa kwenye njia za waendao kwa miguu, na nyingine 13 hivi barabarani. Lawama ya huko ni ya namna yake: watu humshuku anayeshuka kwenye skuta na kusimama kufikia rafu ya duka, wakidai anajifanya. Hawajui, au hawataki kujua, kwamba wengi wa wanaozitumia wanaweza kutembea hatua kumi na hawawezi hatua mia.

Anne Wafula Strange anazijua nchi zote mbili. Alizaliwa magharibi mwa Kenya mwaka 1969, akapata polio kabla ya kutimiza miaka 3, na wanakijiji wakaambiana kwamba ni uchawi hadi baba yake, aliyekuwa mwanajeshi, akaihamisha familia. Alisoma Joytown, akaenda chuo kikuu, akahamia Uingereza, na mwaka 2004 kule Athens akaiwakilisha Kenya katika mbio za viti vya magurudumu za Michezo ya Paralimpiki. Mwanzoni mwa 2017 alijitokeza hadharani kueleza kwamba alisafiri saa nyingi kwenye treni ya Uingereza ambayo choo chake cha watu wenye ulemavu kilikuwa kibovu, akakosa msaada, akajikojolea. Alisema hivyo kwa jina lake na sura yake ili wengine wasipitie hayo. Kijijini alizungukwa na uvumi, kwenye treni na ukimya wa watu wenye adabu. Siwezi kusema upi ulimuumiza zaidi, na mwenye haki ya kusema ni yeye.

Turudi kaskazini mwa Kenya, kwa kuwa hata teknolojia hatimaye ilikumbuka kwamba dunia ina mchanga. Mmarekani Ralf Hotchkiss, aliyepooza kwa ajali ya pikipiki mwaka 1966, alianza miaka ya 1980 kusanifu viti vinavyoweza kutengenezwa na fundi wa mtaani kwa vyuma vya mtaani. Shirika la Motivation la Uingereza, lililoanza 1991, lilishirikiana na chuo cha TATCOT kilicho Moshi kuwafunza Waafrika ufundi wa viti. Mwaka 2005 Amos Winter, mwanafunzi wa uhandisi wa MIT, alifika Tanzania kuwasikiliza watumiaji wa viti. Malalamiko yalikuwa yale yale: kiti kinakwama, baiskeli ya mikono ni pana mno kuingia nyumbani. Kiti alichokisanifu, kinachoendeshwa kwa kusukuma nyenzo mbili badala ya kushika gurudumu, kilijaribiwa Afrika Mashariki mwaka 2009. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetoa mwongozo uliosema wazi kwamba kiti kinachofaa ni kile kinachomtosha mtu, kinachohimili ardhi yake, na kinachoweza kukarabatiwa huko huko aliko.

Kilicho karibu zaidi na Leparua kinaitwa SafariSeat. Msanifu wake, Janna Deeble, alikulia Kenya, na utotoni mwake alimfahamu Msamburu aliyepooza kwa polio na ambaye maisha yake yalikomea pale alipoweza kujiburuta. Alipokuwa mtu mzima, ajali ilimlaza Deeble mwenyewe kwenye kiti kwa muda. Miaka ya 2016 na 2017 yeye na wenzake walitangaza kiti cha magurudumu manne kinachoendeshwa kwa nyenzo, kinachoweza kutengenezwa kwa vipuri vya baiskeli, na ambacho magurudumu yake hubaki yamegusa ardhi yote manne hata jiwe likiwa chini ya moja. Michoro yake iliachwa wazi ili karakana yoyote iitumie. Ni kiti kilichofikiriwa kwa ajili ya nchi ya Wasamburu, na ndiyo maana nakitaja. Hakikuanza na swali la nani ahurumiwe. Kilianza na swali la wapi mtu huyu anataka kwenda.

Sensa ya 2019 iliwahesabu wakazi 268,002 katika kaunti ya Isiolo, waliotawanyika katika zaidi ya kilomita za mraba 25,000. Kitaifa, watu wenye ulemavu walikuwa asilimia 2.2 ya walio na umri wa miaka 5 na zaidi, na kundi kubwa kuliko yote, watu 385,417, ni la wenye shida ya kutembea. Asilimia hiyo ni ndogo kuliko 3.5 ya sensa ya 2009, na kwa maoni yangu upungufu huo umetokana na namna ya kuuliza maswali kuliko afya ya taifa. Serikali hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa kupitia Inua Jamii, na pesa hizo hununua unga. Haziwezi kununua mpira mpya kila mwiba unapopita, pikipiki ya kumfikisha mtu Isiolo mjini, na unga pia.

Mwezi Mei 2025 Rais William Ruto alitia saini Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Katiba ya 2010, ibara ya 54, ilikuwa imekwisha kutamka haki ya kufikia maeneo yote, usafiri na habari. Katiba na sheria hiyo mpya zina maneno mazuri kuhusu majengo na magari. Ila Leparua majengo ni machache. Pale, kufikia mahali ni njia ya kutoka bomani hadi shuleni, hadi zahanati, hadi kwenye maji, hadi kwenye mti wa wazee. Serikali ya kaunti ikisawazisha njia hizo na kujenga kivuko kimoja cha zege kwenye laga, itakuwa imefanya kwa ajili ya mtu wa magurudumu zaidi ya semina mia. Na mama mwenye mtungi, mzee mwenye fimbo na bodaboda aliyembeba mgonjwa watapita hapo hapo.

Nina ombi kwa watu wa aina mbili. Kwa anayetoa kiti, awe mheshimiwa, kanisa, msikiti au Mkenya aliye ng'ambo anayechangia kwa simu: kabla hujakitoa, uliza njia ya nyumbani kwa mpokeaji ikoje, nani ataziba mpira ukitoboka, na fundi wa karibu yuko wapi. Ukikosa majibu, toa pesa ya kumfunza fundi mmoja Isiolo kwanza, viti vitafuata. Na kwa wazee wa Leparua, ambao najua hawamchukii mtoto yeyote wa boma lao: mpeni mtu huyo mbuzi wake mwenyewe, mpelekeni barazani hata kwa mkokoteni, na akizungumza, mjibuni kwa hoja kama mnavyowajibu wenzake wa rika.